Boti mbili za tanga, zote futi 34: uchukue ya safari au ya resi?

Ukianza kutafuta boti ya tanga ya saizi ya kati, yaani kuanzia futi 30 mpaka 40 hivi, mara nyingi utaishia na mbili kwenye orodha. Moja nyepesi, mlingoti mrefu, inakimbia hata upepo ukiwa wa kubembeleza, ila ndani hamna kitu. Nyingine nzito, ina kitanda cha maana, jiko, choo chenye mlango unaofungwa, ila ukitoka nayo upepo mdogo unaishia kuwasha injini. Alafu unaanza kuuliza watu, na kila mtu anakusifia ile aliyonayo yeye. Mwongozo huu ni wa kukutoa hapo.

Ili tusiongee hewani nitatumia boti mbili zinazojulikana, J/105 na Catalina 34. Zote za Marekani, zote zilitengenezwa kwa wingi kwa miaka mingi na za mtumba bado zinauzwa. Kilichonifanya nizichague ni kwamba zote zina urefu wa futi 34 na nusu, yaani mita 10.5, na ukizipanga gatini mtu asiyejua atasema ni saizi moja. Sio. We weka majina ya boti zako mbili badala ya hizi, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: andika utaitumiaje, na nani

Chukua karatasi (au simu) uandike mwaka ujao ulivyo kweli, sio unavyotamani uwe. Siku ngapi utatoka asubuhi na kurudi jioni, siku ngapi utalala kwenye boti, resi ngapi utaingia. Alafu mbele ya kila siku andika jina la mtu atakayekuwa na wewe. Jina kabisa. Sio "marafiki".

Hapo kwenye majina ndo watu wanakwama, na kwa maoni yangu hii ndo hatua inayoamua kuliko zote zinazofuata. Boti kama J/105 kwenye resi inataka watu watano au sita wanaojua wanachofanya, wa kushika demani (kamba ya kukaza tanga), wa kupandisha na kushusha spinaka (tanga kubwa jepesi la upepo wa nyuma), wa kukaa ukingoni upande wa joshi (unakotoka upepo) ili boti isilale sana, na wawepo wiki hadi wiki sio siku moja tu ya bashasha. Kama ukiandika majina unapata mawili tu na moja ni la mwenzio ambaye hapendi kulowa, basi unanunua boti ya resi ili ikae gatini.

Ila msikimbilie kusema nyepesi ni ngumu na nzito ni rahisi, hapo wengi wanakosea. J/105 ina tanga dogo la mbele lisilopita mlingoti, kwa hiyo kubisha (kwenda kinyume cha upepo kwa kugeuzageuza) watu wawili wanaweza bila jasho, na spinaka yake inafungwa kwenye mti unaochomoza omo (mbele ya boti) na kurudi ndani, hamna ile milonjo ya kuhamisha kila ukigeuza. Boti nyingi za safari za zamani zinabeba tanga la mbele kubwa linalopita nyuma ya mlingoti na kila ukigeuza unazungusha winchi mpaka mkono unauma. Kwa hiyo uliza tanga la mbele lina ukubwa gani kabla ya kuuliza boti ni ya "aina" gani.

Hatua ya 2: piga hesabu tatu, kwa simu tu zinatosha

Tafuta kwenye karatasi za boti vitu vinne: uzito, urefu wa boti pale inapogusa maji (sio urefu wote), eneo la matanga, na uzito wa farumi (uzito wa kuituliza boti) iliyoko kwenye mkuku (pezi la chini ya boti).

Ya kwanza, mwendo. Chukua mzizi wa mraba wa urefu wa kwenye maji kwa mita, zidisha na 2.43, unapata noti (maili za baharini kwa saa) ambazo boti ya kawaida inafika kabla haijaanza kupambana na wimbi lake yenyewe. J/105 ina karibu mita 8.99, Catalina 34 karibu 9.09. Ukipiga zote zinatoa noti 7.3 hivi. Ziko sawa! Sasa unaona kwa nini urefu unadanganya watu.

Ya pili ndo inazitenganisha. Uzito: J/105 kilo 3,515 hivi, Catalina 34 kilo 5,420 hivi. Tofauti ya karibu tani mbili kwa urefu uleule. Gawa uzito kwa 1,025 upate mita za ujazo za maji ambayo boti inasukuma, tafuta mzizi wa tatu wa jibu, lizidishe kwa lenyewe, alafu chukua eneo la matanga kwa mita za mraba ugawe kwa hilo. J/105 na matanga yake ya mita za mraba 53 na kitu inatoa kama 23.5. Catalina na 49 inatoa kama 16. Kwa kawaida boti za safari zinacheza kwenye 15 mpaka 18, na ukipita 20 uko kwenye boti inayotaka kukimbia. Maana yake baharini ni hii: upepo wa noti 6 ile ya 23 inatembea, ya 16 inapepesuka na matanga yanapigapiga. Upepo wa noti 20 ile ya 16 ndo kwanza inaanza kufurahi, ya 23 ushapunguza tanga na bado kuna mtu amekaa ukingoni. Na zile noti 7.3, ile nyepesi ikiwa na spinaka na wimbi la nyuma inazipita, nzito ni nadra sana.

Kwa hiyo kabla hujapenda namba kubwa, angalia upepo wa pale utakapokuwa unatumia boti. Kama msimu mwingi ni upepo hafifu, boti nzito itakufanya uwe mtu wa injini. Kama ni upepo mkali muda wote, hiyo nguvu ya ziada huitumii, unaikunja tu.

Ya tatu, farumi. Gawa uzito wa farumi kwa uzito wote. J/105 inatoa asilimia 44 hivi, Catalina 42 hivi. Karibu sawa, lakini usiishie hapo, kwa sababu hesabu hii haijui ile farumi iko chini kiasi gani, na J/105 mkuku wake unashuka mita 1.98 wakati Catalina wa kawaida ni kama 1.70. Uzito uleule ukiwa chini zaidi unarudisha boti wima kwa nguvu zaidi.

Kuna na hesabu nyingine watu wanaipenda, ya hatari ya kupinduka, iliyotokana na uchunguzi wa baada ya mashindano ya Fastnet ya mwaka 1979 ambapo dhoruba ilikuta boti 303 baharini na washindani 15 wakafa. Unagawa uzito (ratili) kwa 64, unatafuta mzizi wa tatu wa hapo, alafu unagawa upana wa boti (futi) kwa huo mzizi, na jibu likiwa chini ya 2 ndo linahesabiwa zuri kwa bahari kuu. Hizi zetu zote zinapita kidogo, Catalina 2.06 na J/105 kama 2.2. Usitishike na usitulie pia, hesabu hii haijui farumi ilipo wala umbo la boti, ni kipimo cha haraka tu. Kama unapanga kuvuka bahari kuu uliza daraja la CE la boti kama lipo (alama ya Ulaya ya bahari ambayo boti imeundwa kuihimili). A ni kwa upepo unaopita daraja la 8 la Beaufort (kipimo cha nguvu ya upepo) na mawimbi yanayopita mita 4, B mpaka 8 na mita 4, C mpaka 6 na mita 2.

Hatua ya 3: ipakie kwenye karatasi

Hapa ndo wanunuzi wa boti ya resi kwa ajili ya safari wanajidanganya. Orodhesha kila kitu utakachobeba na uzito wake. Maji lita moja ni kilo moja, hamna ujanja. Mnyororo wa nanga wa milimita 8 ni kama kilo 1.4 kwa mita, kwa hiyo mita 50 ni kilo 70, na unakaa omoni kabisa pale boti nyepesi isipopenda uzito. Ongeza nanga ya pili, betri, dizeli, kiboti kidogo cha kwendea ufukweni na injini yake, vyakula, vitabu, nguo, watu.

Tuseme umefika kilo 600, ambayo sio nyingi kwa safari ya wiki kadhaa. Kwenye J/105 hiyo ni asilimia 17 ya uzito wake. Kwenye Catalina ni 11. Ile nyepesi imezama zaidi na imepoteza kile ulichoilipia, na bado huna pa kuweka vitu kwa sababu makabati hayapo. Kama orodha yako inapita asilimia 15 ya uzito wa boti mimi ningeiacha hiyo boti, hata kama rangi yake imenikaa moyoni.

Hatua ya 4: kina cha maji

Fupi tu. Jua kina cha pale utakapofunga boti maji yakitoka, na njia ya kuingilia. Mkuku mrefu unapanda joshi vizuri, mkuku mfupi unakupeleka sehemu nyingi. Mikuku mifupi yenye mabawa chini ni mizuri mpaka siku umepanda fungu la matope, maana kulaza boti ili ujinasue hakusaidii, ukiilaza bawa moja linazama zaidi. Kama njia ya kuingilia gatini kwako ina mita 2 maji yakitoka, J/105 yenye mkuku wa kawaida imeshajitoa yenyewe kwenye shindano.

Hatua ya 5: lala ndani yake

Sio kutazama picha. Ingia, vua viatu, lala kwenye kila kitanda dakika kumi. Simama pale jikoni uone kama kichwa kinagusa. Kaa chooni ufunge mlango. Kwenye Catalina 34 mtu wa kawaida anasimama wima na nyuma kuna chumba cha kulala watu wawili, kwenye J/105 unainama na vitanda ni vya watu waliochoka baada ya resi. Watu wa resi watakwambia utazoea kuinama. Siku ya kwanza ndio. Siku ya tano mvua inanyesha na mko wanne ndani, uliza tena.

Alafu kitu ambacho wauzaji hawakionyeshi: jiulize boti ikiwa imelala upande mmoja baharini utashika wapi. Boti pana yenye ukumbi mkubwa ndani inapendeza gatini, ila baharini ukiteleza unaruka kutoka ukuta hadi ukuta. Tafuta vishikio juu ya dari na pembeni, na kwenye jiko tafuta mkanda wa kukuzuia usimwagikiwe na chai ya moto.

Hatua ya 6: kama unataka resi, angalia utashindana na nani

Boti "ya kasi" haina maana yoyote peke yake. Kuna mifumo ya kusawazisha muda wa boti za kasi tofauti, kama PHRF na IRC. PHRF inatoa sekunde kwa kila maili ya baharini, namba ndogo ni boti ya kasi zaidi, na hutolewa na chama cha eneo kwa hiyo boti ileile inaweza kuwa na namba tofauti kidogo sehemu mbili. J/105 huzunguka kwenye 90 hivi, Catalina 34 kwenye 140 na ushee. Yaani kwa resi ya maili 10 mwenye Catalina anaweza kuingia dakika nane hivi nyuma na bado akashinda. IRC yenyewe inazidisha muda wako kwa namba ya boti, basi.

Kwa hiyo mtu wa Catalina akisafisha chini ya boti, akanunua matanga mapya na akajua mkondo unakwendaje, anaweza kuchukua kikombe kwenye resi za jioni. Nimeona watu wananunua boti ya kasi ili washinde alafu wanashindwa na boti nzito ya mzee mmoja anayejua pale upepo unapogeukia, na namba inawaumiza mara mbili.

J/105 ina kitu kimoja zaidi: zilitengenezwa zaidi ya 600 na zina mashindano yao zenyewe, zote sawa, anayefika kwanza ndo mshindi, hamna hesabu za baadaye. Kama karibu na wewe kuna kundi la boti za aina moja hiyo ni sababu kubwa ya kununua aina hiyo. Kama hamna, punguza nusu ya sababu zako. Nenda siku ya resi, simama uone zinazoanza, hesabu zilizo saizi yako. Kama ni mbili tu, ndo hao utakimbizana nao miaka yote.

Hatua ya 7: toka nazo baharini, zote mbili, upepo unaofanana ikiwezekana

Usikubali mwenye boti ashike usukani muda wote akikuonyesha. Omba ushike wewe. Pandisha tanga kuu mwenyewe uone jarari (kamba ya kupandishia tanga) inapita laini au inakwama. Panda joshi, matanga yakiwa yamekazwa sawasawa, alafu shika kana, ule mti wa usukani, kwa vidole viwili (kama ni gurudumu, kwa mkono mmoja bila nguvu). Boti inatakiwa ivute kidogo kuelekea kwenye upepo, kidogo. Ukiona unang'ang'ana nayo kwa mikono miwili upepo wa noti 12, kuna kitu, inawezekana tanga limechoka na limekuwa na tumbo, inawezekana mlingoti umeegemea nyuma sana, au boti ndivyo ilivyo. Lijue kabla ya kulipa.

Punguza tanga ukiwa peke yako huku mwenzio amekaa tu. Ukishindwa kwenye mchana mzuri hutaweza usiku. Simamisha boti kwa kuvuta tanga la mbele upande wa pili na kufunga usukani, uone kama inatulia. Mtu mmoja ashuke achemshe maji boti ikiwa imelala. Alafu washa injini, rudi nyuma kwa nyuma kwenye gati, maana huko ndo aibu nyingi zinatokea.

Na sikiliza. Boti iliyolegea inalia kwenye wimbi, kuta za ndani zinakwaruzana, milango ya makabati inayofunguka vizuri gatini inakwama ukiwa joshi. Ukiusikia mlio huo weka alama pale ulipotoka.

Hatua ya 8: hali ya boti ni kubwa kuliko jina lake

Kuna watu wanabishana miezi sita J au Catalina alafu wananunua yenye sitaha imeoza. Kabla hujamlipa mkaguzi fanya yako mwenyewe:

- Tembea juu ya sitaha bila viatu, kanyaga kwa kisigino karibu na nguzo za pembeni, winchi, na pale mlingoti ulipo. Sehemu inayobonyea ina maji ndani.
- Chukua bisibisi ya mshikio wa plastiki ugonge taratibu, hatua kwa hatua. Faiba nzima inajibu kwa mlio mkali, mfupi. Iliyoloa au kuachana inajibu kwa mlio wa chini, uliokufa. Ukisikia mlio umebadilika rudi sentimita chache uhakikishe, alafu bandika utepe.
- Fungua makabati ya ndani pale nyaya za mlingoti zinapofungwa kwenye boti. Ukiona michirizi ya kahawia imeshuka ukutani, maji yameingia muda mrefu.
- Angalia ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapojikusanya. Maji machache sio kesi, onja tu (ndio, onja kwa ncha ya kidole, kama hayana mafuta). Ya chumvi yanatoka baharini, yasiyo na chumvi ni mvua au tenki.
- Boti ikiwa imetolewa majini, tazama kiungo cha mkuku na boti, hasa mbele na nyuma. Ufa mwembamba mbele unaweza kuwa rangi tu, lakini ufa wa mbele pamoja na dalili ya kusagika nyuma maana yake imegonga kitu, hapo muite mtaalamu.

Boti nyingi za mbio zimetengenezwa kwa faiba yenye kitu chepesi katikati, J/105 ni balsa (mti mwepesi) kwenye mwili na kwenye sitaha, ili ziwe nyepesi na ngumu. Ni nzuri sana zikiwa kavu. Mtu akitoboa tundu la skrubu bila kuliziba sawasawa maji yanaingia na kutembea ndani, kwa hiyo kwenye boti hiyo kila kilichofungwa baadaye na mwenye boti ni cha kutilia mashaka. Boti ya safari nayo ina magonjwa yake, ni mifumo: pampu, choo, friji, nyaya za umeme zilizounganishwa na watu wanne tofauti kwa rangi wanayotaka.

Hatua ya 9: hesabu ya baada ya kununua

Uliza nyaya za mlingoti zina umri gani, zikipita miaka 10 mpaka 15 kampuni nyingi za bima zitaanza kuuliza. Uliza matanga ni ya kitambaa cha kawaida cha Dacron au yale ya tabaka za resi. Ya tabaka yanashika umbo vizuri ila hayadumu, na mshindani wa kweli anayabadilisha kabla hayajachanika kwa sababu umbo limeshakwenda. Mwenye safari anashona Dacron yake anaendelea na maisha. Kwa hiyo kwenye boti ya resi pesa inakwenda kwenye matanga na kusafisha chini, kwenye ya safari inakwenda kwenye injini na mifumo. Gawa bei ya matanga mapya kwa misimu unayotegemea yadumu, ongeza gati, bima, kutoa boti majini, ulinganishe mbili hizo kwa mwaka na sio kwa bei ya kununulia.

Hatua ya 10: toa ofa

Kama mpaka hapa majina ya hatua ya 1 yamejaa na kuna watu wa kushindana nao, nyepesi. Kama usiku wa kulala ni mwingi kuliko siku za resi, nzito, hata kama roho inauma upepo ukiwa mdogo. Kama zimelingana, chukua iliyo kavu zaidi na matanga mapya zaidi, mimi ndivyo ningefanya.

Ofa iandikwe, iwe na masharti matatu: mkaguzi unayemlipa wewe (sio wa muuzaji), boti itolewe majini, na itoke baharini na matanga juu. Arubuni irudi kama kimojawapo kikikataa. Muuzaji akisema hamna haja ya kuitoa majini, ilitolewa juzi juzi tu, muombe karatasi za juzi juzi hizo. Akikosa, mpigie yule wa boti ya pili.